Usipoziba Ufa: Mazungumzo Kuhusu Kukagua Magurudumu na Nati za Mashine ya Kuchonga Mbao

Yafuatayo ni maandishi ya mazungumzo yaliyotolewa na fundi mkufunzi mbele ya vikundi vya wajasiriamali wa kata. Yanachapishwa hapa kwa manufaa ya wakazi ambao hawakupata nafasi ya kuhudhuria.



Mazungumzo ya leo yanahusu jambo dogo linaloweza kuangusha kazi kubwa, nalo ni nati iliyolegea. Katika baadhi ya karakana za useremala zimeingia mashine ndogo za kuchonga mbao zinazoongozwa na kompyuta, zijulikanazo kama mashine za CNC. Fundi huchora ua, jina au nakshi katika kompyuta. Programu huugeuza mchoro huo kuwa maelekezo. Kisha mashine huitembeza biti inayozunguka juu ya ubao hadi nakshi itokee. Mashine ikiwa nzima, kazi hutoka safi na kwa wakati. Ikilegea, huharibu ubao kwa utulivu uleule inaotumia kuuchonga.

Chukulia mfano wa kikundi cha vijana watano waliopata mkopo wa halmashauri. Kama inavyofahamika, mikopo hiyo hutokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Haina riba, lakini si zawadi. Sharti irejeshwe ili kikundi kinachofuata nacho kikope.

Vijana hao wamenunua mashine, wameiunganisha wenyewe, na wamepokea kazi ya kuchonga paneli sita za milango ya mninga. Kwa wiki tatu nakshi zinatoka vizuri. Wiki ya nne duara linatoka kama yai, mistari iliyonyooka inapata mawimbi, na ua la katikati linahamia kando kwa milimita 2. Ubao wa kwanza unaharibika, kisha wa pili. Mteja anapiga simu kuuliza mzigo wake.

Kikao kinaitwa. Mmoja anasema programu imeingiwa na virusi. Wa pili anasema bodi ya umeme imeungua. Wa tatu anapendekeza kwamba fedha zilizotengwa kwa marejesho ya mwezi zitumike kuagiza bodi mpya. Wa nne yuko kimya. Wa tano ni binti aliyewahi kusaidia kazi katika kibanda cha fundi baiskeli. Anachomoa waya wa umeme, anashika sehemu inayobeba ruta kwa mikono miwili, anaitikisa polepole. Inacheza.

Neno hilo moja, inacheza, ndilo kiini cha mazungumzo haya. Kabla ya kulaumu kompyuta na kabla ya kutoa fedha, mkono na upite kwanza.

Kompyuta haioni

Ni vyema kueleza kwa nini mkono hutangulia. Mashine hizi ndogo huendeshwa na mota zinazokwenda kwa hatua. Mota ya kawaida ya aina hiyo huugawa mzunguko mmoja katika hatua 200. Kompyuta inapotaka biti isogee, huiamuru mota ipige hatua kadhaa, kisha huamini kwamba amri imetekelezwa. Katika mashine nyingi za bei nafuu hakuna kifaa kinachopima mahali biti ilipofika kweli. Kompyuta ni kama mtu anayehesabu hatua zake gizani: akisukumwa kando, ataendelea kuhesabu bila kujua kwamba amekwisha kuiacha njia.

Hesabu yenyewe ni rahisi. Mashine nyingi hutumia mkanda wenye meno yaliyoachana kwa milimita 2, na puli yenye meno 20. Mzunguko mmoja wa puli husogeza kazi kwa milimita 40. Basi puli ikiteleza kwenye mhimili wa mota kwa sehemu moja tu ya arobaini ya mzunguko, kiasi ambacho si rahisi jicho kukibaini, nakshi yote inayofuata huhama kwa milimita 1. Kompyuta haitatoa onyo lolote. Mashahidi wa hitilafu hiyo ni wawili tu, ubao ulioharibika na mkono unaokagua.

Kwa nini nati hulegea

Wapo wanaodhani kwamba nati iliyokazwa vema haiwezi kufunguka yenyewe. Mwaka 1969 mhandisi wa Kijerumani Gerhard Junker alionesha kwamba kinachofungua nati kwa haraka zaidi ni mtetemo wa kando kwa kando, yaani vipande viwili vilivyofungwa pamoja vinapoteleza kidogo kidogo kimoja juu ya kingine. Mashine ya kuchonga ina mtetemo wa namna hiyo saa zote. Biti huzunguka zaidi ya mara 10,000 kwa dakika, na kila pembe ya nakshi ni mahali ambapo uzito wote husimama ghafla na kugeuka.

Aidha, zipo sababu nyingine. Mashine iliyosafirishwa juu ya guta au lori katika barabara ya vumbi hufika ikiwa imelegea hata kama ilifungwa vizuri ilikotoka. Plastiki iliyobanwa hunywea taratibu na kuacha nafasi. Hesi zilizokatwa katika alumini huchakaa upesi kuliko zile za chuma cha pua. Kwa hiyo mashine mpya inapaswa kukaguliwa yote baada ya siku chache za mwanzo za kazi, hata kama haijaonesha dalili yoyote.

Tahadhari kabla ya kugusa

Mkaguzi na achomoe waya ukutani. Kuzima swichi pekee hakutoshi. Biti na itolewe, maana hukata mkono hata ikiwa imesimama. Umeme ukiisha kuondolewa, sehemu zinazotembea husukumika kwa mkono, na hapo ndipo ulegevu husikika. Zisukumwe polepole, kwa kuwa mota inayozungushwa kwa kasi huzalisha umeme unaoweza kuiumiza bodi. Wakati wa kazi, miwani ya kukinga macho na barakoa ya vumbi ni lazima. Kanga, shuka, tai na nywele ndefu zisikaribie ruta inayozunguka.

Magurudumu

Sehemu inayobeba ruta huitwa kibebeo, na ile inayovuka meza kutoka upande hadi upande huitwa daraja. Katika mashine nyingi ndogo, vyote viwili hutembea juu ya magurudumu ya plastiki ngumu yenye ukingo uliochongoka, ambao huingia katika mfereji wa reli ya alumini. Ndani ya kila gurudumu mna beringi mbili, na katikati yao pete nyembamba ya chuma inayozitenganisha.

Magurudumu ya upande mmoja wa reli hufungwa mahali pamoja pasipobadilika. Yale ya upande wa pili hufungwa kwa nati maalumu ambayo tundu lake haliko katikati. Nati hiyo ikizungushwa, gurudumu husogea karibu na reli au mbali nayo. Ndiyo inayoamua kama kibebeo kitashika vema au kitacheza. Mafundi wengi wapya hawaijui kazi yake, hivyo huikaza kama nati nyingine yoyote na kushangaa kwamba ulegevu haukwishi.

Kipimo hakihitaji chombo. Kibebeo kishikwe kisitembee, kisha gurudumu moja moja lizungushwe kwa kidole. Gurudumu linalozunguka bure bila kuigusa reli limelegea. Lisilozunguka kabisa limebanwa mno. Lililo sawa huzunguka kwa ukinzani kidogo, na kibebeo kikitikiswa hakitoi mlio wala hakichezi. Likilegea, nati ile yenye tundu la pembeni izungushwe kwa spana kidogo kidogo, si zaidi ya sehemu moja ya nane ya mzunguko kwa mara moja, na kipimo kirudiwe. Ikifika mahali pake, ishikiliwe kwa spana huku bolti ikikazwa kwa spana ya pili. Vinginevyo itageuka pamoja na bolti na kazi yote kurudi mwanzo.

Kijana wa nne, yule aliyekuwa kimya katika kikao, ndiye mwenye nguvu kuliko wenzake. Baada ya ulegevu kugunduliwa, anachukua spana na kuyakaza magurudumu yote hadi mwisho. Ubao wa tatu unawekwa. Mashine inakoroma, daraja linakwama katikati ya safari, na nakshi inahama kuliko mara ya kwanza. Kilichotokea ni kwamba mota imekosa nguvu ya kulishinda bano, ikaruka hatua, na kompyuta kama kawaida yake haikujua. Aidha, gurudumu lililobanwa likasimama usiku kucha hupata bapa, na tangu hapo hugonga kila linapozunguka. Kukaza kupita kiasi ni hitilafu kama vile kulegea, ila hujificha nyuma ya sura ya uimara.

Kama gurudumu bado ni gumu ingawa halijabanwa kwenye reli, lifunguliwe na kutazamwa ndani. Mara nyingi pete ile ya katikati imesahauliwa wakati wa kuunganisha, na bolti inazibana beringi zenyewe. Beringi inayokwaruza kama yenye mchanga haifai kutiwa mafuta na kurudishwa, ibadilishwe. Mfereji wa reli usafishwe kwa brashi na kitambaa kikavu. Usipakwe mafuta, kwa sababu mafuta hukusanya vumbi la mbao na kulifanya uji mgumu unaolinyanyua gurudumu.

Puli na mikanda

Magurudumu yakiwa sawa na nakshi bado ikahama, mkono uende kwenye puli. Puli hushikwa kwenye mhimili wa mota kwa skrubu ndogo zisizo na kichwa, zinazokazwa kwa spana ya L yenye pembe sita. Mhimili wa mota nyingi una upande mmoja uliosawazishwa kuwa bapa, na skrubu moja inapaswa kukaa juu ya bapa hilo. Ikikaa juu ya sehemu ya mviringo, itashika leo na kuteleza kesho.

Ipo mbinu rahisi ya kumkamata mwizi huyu. Kwa kalamu ya wino usiofutika, upigwe mstari mmoja unaopita kutoka kwenye puli hadi kwenye mhimili. Baada ya kazi ya siku, mstari utazamwe. Ukiwa umekatika, kipande kimoja hapa na kingine pale, puli imeteleza. Mstari kama huo unaweza kupigwa juu ya kila nati muhimu na sehemu iliyo chini yake, ili ukaguzi wa asubuhi ufanyike kwa macho ndani ya dakika chache.

Mkanda nao ukaguliwe. Mkanda uliolegea huacha nafasi kila mashine inapogeuza mwelekeo, na ndiyo sababu duara huonesha vipande vilivyonyooka au ngazi ndogo mahali mwendo unapogeuka. Ukivutwa mno, huipinda mihimili na kuzichosha beringi. Uwe umenyooka bila kuning'inia, na ukibonyezwa kwa kidole urudi mara moja. Vishikizo vya ncha zake vitazamwe, kwa kuwa mara nyingine mkanda ni mzima ila kishikizo ndicho kinachoachia jino mojamoja.

Kina cha mchongo na mshiko wa ubao

Iwapo nakshi iko mahali pake lakini kina chake hubadilika, sababu itafutwe katika sehemu inayopanda na kushuka. Huko kuna fimbo ndefu yenye hesi iliyoungwa na mota kwa kiungo, na kiungo hicho nacho kina skrubu ndogo zinazolegea. Bano la ruta likilegea, ruta yenyewe huteremka taratibu. Biti isipobanwa sawasawa katika kishikio chake hufanya vivyo hivyo, na mchongo huzidi kwenda chini kadiri kazi inavyoendelea.

Ikumbukwe pia kwamba si kila kosa ni la mashine. Ubao usiofungwa vizuri juu ya meza husogea, na matokeo yake hufanana kabisa na yale ya puli iliyoteleza. Kabla ya kufungua chochote, ubao usukumwe kwa mkono. Ukisogea, hitilafu imekwisha kupatikana bila spana.

Jaribio la kalamu

Mbao ya mninga ni ghali. Haifai kutumika kama kipimo. Badala ya biti, ifungwe kalamu yenye springi au kalamu laini ya wino, na badala ya ubao ibandikwe karatasi. Mashine ichore mraba wenye upande wa milimita 100 na duara lenye kipenyo hichohicho, kisha irudie juu ya michoro ileile mara tatu.

Mistari ikiangukiana, mwendo ni thabiti. Ikiachana, kuna kitu kinachoteleza au kucheza. Upande wa mraba upimwe kwa rula: ukiwa mfupi katika mwelekeo mmoja tu, mkanda na puli ya mwelekeo huo vichunguzwe kwanza. Kisha zipimwe pembe kwa pembe. Katika mraba wa kweli, vipimo vyote viwili huwa takriban milimita 141.4. Vikitofautiana, daraja limekaa upande, na bolti zinazoliunga na miguu yake zinahitaji kulegezwa, kunyooshwa na kukazwa upya. Ikiwa karatasi inatoka sawa lakini ubao unatoka vibaya, ulegevu huonekana tu chini ya nguvu ya kukata. Basi magurudumu, ruta na mshiko wa ubao virudiwe.

Kukaza kwa kiasi

Bolti hukazwa hadi ishike, kisha huongezwa kidogo. Anayetumia spana ndefu juu ya bolti ndogo iliyoingia katika alumini huzing'oa hesi, na tundu lililopoteza hesi halirudi. Nati zenye pete ya plastiki ndani hustahimili mtetemo vizuri, lakini ikiwa nati ya namna hiyo inapita kwa vidole tu, plastiki yake imekwisha na inafaa kubadilishwa.

Kwa skrubu za puli, tone moja la gundi ya kufungia hesi husaidia sana. Itumike ile ya rangi ya buluu, ambayo hufunguka kwa spana. Ile nyekundu hushika mno na mara nyingi huhitaji moto ili kufunguka. Gundi hizi zisiguse magurudumu ya plastiki, kwani baadhi ya plastiki hupasuka zikiguswa nazo.

Daftari la mashine

Kila kikundi kiwe na daftari linalokaa karibu na mashine. Kila asubuhi ukaguliwe mshiko wa ruta, biti, na mistari ya kalamu juu ya nati. Kila wiki magurudumu yazungushwe kwa kidole, mikanda ibonyezwe, reli zisafishwe. Kila mwezi, na kila mara mashine inapohamishwa, bolti zote zipitiwe na jaribio la kalamu lifanyike. Anayekagua aandike tarehe, alichokikuta na alichokifanya, kisha aweke jina lake. Daftari hilo humsaidia fundi anayekuja baadaye, na pia huondoa lawama kikaoni, maana jambo lililoandikwa halihitaji kubishaniwa.

Ndugu wananchi, vijana wale watano walilegeza kile kilichokazwa mno, wakakaza kile kilichoteleza, wakachora mraba wao juu ya karatasi mara tatu hadi mistari ikawa mmoja. Hitilafu zilikuwa mbili tu: gurudumu moja la kibebeo na skrubu moja ya puli. Bodi mpya haikuhitajika, na fedha ya marejesho ilibaki kuwa ya marejesho. Mbao zilizoharibika hazikurudi. Mbili kati yake zilikatwa zikawa vibao vya kukatia mboga, na hasara iliyobaki waliigawana. Walimweleza mteja ukweli, wakamwomba siku nne zaidi.

Mfano huu hautolewi ili kuwatisha wanaotaka kununua mashine. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa mashine hii, ufa ni nati, na ukuta ni mkopo usiorejeshwa, mteja asiyerudi, na kikundi kinachovunjika kwa kulaumiana. Spana mbili, kalamu moja na nusu saa ya kila wiki vinatosha kuuziba.

Kikundi chenye mashine inayosumbua kisikae nayo kimya. Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata apewe taarifa mapema, kabla tarehe ya marejesho haijapita, ili kikundi kisaidiwe kupata ushauri wa kitaalamu, ikiwa ni pamoja na ule wa vyuo vya VETA na wa SIDO. Kikundi kifike na daftari lake mkononi. Swali la kwanza la fundi yeyote makini litakuwa ni lini magurudumu yalikaguliwa, na nani aliyekagua.